Maswali ya Wakweaji: Kamba Ikulinde, Isikupandishe

Barua nyingi za toleo hili zimeandikwa na vijana walioanza kukwea miamba majuzi, na kila mmoja kwa namna yake anauliza jambo lilelile: waasisi wa kukwea huru walitaka nini hasa, na sisi tuliokuta bolti (vyuma vya kudumu vya kupitishia kamba) zimeshafungwa mwambani tufuate lipi kati ya hayo? Tumechagua barua saba. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu swali lenyewe linaweza kumvunja mtu mguu.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nikiwaambia watu nyumbani kwamba nakwea huru wanadhani napanda bila kamba, na mama halali usingizi. Naomba maelezo mafupi nimsomee. – Kijana wa pili kuzaliwa

JIBU: Marahaba. Msomee hivi: kukwea huru ni kupanda kwa mikono, miguu na mwili wako peke yake, huku kamba ikiwa imefungwa kiunoni kukudaka ukianguka. Wanaopanda bila kamba kabisa ni tawi jingine, dogo, na hakuna mkufunzi makini atakayekuelekeza huko. Tawi la tatu ni kukwea kwa vifaa. Huko mtu hutundika ngazi za tepe (mkanda imara wa kukwea) kwenye pitoni (msumari unaopigiliwa ufani) au kabari (kipande cha chuma kinachokazwa ufani bila nyundo), husimama juu yake, kisha hutundika nyingine juu zaidi.

Hilo la tatu ndilo lililotawala kuta kubwa kwa miaka mingi. Njia ya The Nose kwenye ukuta wa El Capitan, California, wenye karibu mita 900, ilikwewa mara ya kwanza mwaka 1958 na Warren Harding na wenzake kwa vifaa, kwa jumla ya siku 45 za kazi zilizogawanywa katika safari kadhaa. Mwaka 1993 Lynn Hill aliipanda yote kwa njia huru, na mwaka 1994 akairudia chini ya saa 24. Mwamba ni uleule. Kilichobadilika ni swali ambalo mkweaji anajiuliza: je, kifaa hiki kimebeba uzito wangu nilipokuwa nikisonga juu? Kama ndiyo, hukukwea huru. Maswali mengine ya barua hizi yanatoka humo.

SWALI: Nimeihangaikia njia moja ya bolti tangu msimu uliopita. Juzi nilifika juu, ila kwenye bolti ya sita nilishika tepe sekunde moja tu nikavuta pumzi. Mshika kamba wangu anasema imehesabika. Mwasemaje? – Karibu Nimalize

JIBU: Haijahesabika, ndugu, na tunadhani ndiyo maana umeandika.

Kipimo unachokitafuta kina mwenyewe. Kurt Albert, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1954 na aliyekuwa mwalimu wa hisabati na fizikia, alitembelea milima ya mawe ya mchanga ya Elbe mwaka 1973 akawakuta wakweaji waliokataa kujiinua kwa kushika chuma. Kwao Frankenjura, eneo la miamba la kusini mwa Ujerumani, mambo yalikuwa kinyume: pitoni zilikuwa vishikio kama vishikio vingine. Akaanza kupaka alama ya msalaba mwekundu kwenye pitoni ambayo amefanikiwa kuipita bila kuishika wala kuikanyaga. Siku alipoweza kupita zote, akapaka nukta nyekundu chini ya njia. Ilikuwa mwaka 1975, na ndiyo asili ya mtindo wa nukta nyekundu unaofuatwa duniani kote.

Vijana wengi hawaoni kwamba Albert hakung'oa pitoni hizo. Aliyetaka kuzishika aliendelea kuzishika. Nukta ilisema tu kwamba inawezekana bila, na anayetaka ajaribu. Falsafa yake ilikuwa mwaliko, haikuwa polisi, na kwa maoni yetu ndiyo maana imedumu kuliko kanuni nyingi zilizoandikwa kwa hasira.

Masharti yenyewe ni haya: unaongoza (unapanda wa kwanza, kamba ikitokea chini yako) kuanzia chini hadi kwenye nanga ya juu (mahali pa kufungia kamba mwisho wa njia), unaingiza kamba kwenye karabina (pete ya chuma yenye mlango) mwenyewe, huanguki, hukai kwenye kamba, hushiki tepe. Unaruhusiwa kuwa umeifanyia mazoezi njia hiyo mara mia. Ukiipanda safi mara ya kwanza bila kudokezwa chochote, hilo ni daraja la juu zaidi la mtindo.

Sasa namna ya kuimaliza. Acha kuishambulia kila mara kutoka chini. Panda bolti kwa bolti, kaa kwenye kamba kadiri utakavyo, utafute vitu vitatu: mahali pa kupumzika, mkono gani uko wapi unapoingiza kamba, na hatua mbili au tatu zinazokumaliza. Kisha unganisha kuanzia juu: toka bolti ya mwisho hadi nanga bila kukaa, halafu toka ya katikati hadi nanga, ukishuka chini kila safari. Ukianza kuunganisha kutoka chini utaijua sana sehemu ya chini, na kule juu utafika umechoka kwenye hatua ambazo mwili haujazizoea. Kati ya jaribio na jaribio pumzika dakika 20 hadi 30 kwa njia inayokuchosha mikono. Dakika tano ni kupoteza ngozi.

Tazama pia unapoingiza kamba. Tuseme bolti zimepishana mita 3. Ukiingiza kamba bolti ikiwa usawa wa kiuno na mkono ukateleza, unaanguka mita 6 na kusimama mita 3 chini ya bolti iliyopita. Ukinyoosha mkono uingize kwenye bolti iliyo mita 1 juu ya kiuno, umeshavuta kamba ya ziada. Unaanguka mita 6 zilezile lakini unasimama mita 4 chini ya bolti iliyopita. Juu kabisa ya njia tofauti hiyo si kitu. Kwenye bolti ya tatu, iliyo mita 9 kutoka ardhini, mwenzako aliyeingiza kamba usawa wa kiuno anabaki na mita 3 chini ya kiuno chake na wewe mita 2, na kamba bado haijanyooka. Ukiondoa urefu wa miguu yako, katika mita 2 hizo inabaki kama mita moja tu.

Hiyo bolti ya sita, basi: pumzi uliyoivuta pale inaonyesha kuna mahali pa kupumzika hapo karibu hujapaona. Shuka hatua mbili chini yake ukapatafute.

SWALI: Mzee mmoja wa klabu yetu hataki kutufundisha njia ngumu mpaka tuweze kuzishuka zile rahisi kwa mikono na miguu, si kwa kuteremshwa na kamba. Wenzangu wanaona anatuchelewesha. – Mwenye Haraka

JIBU: Mpelekeeni mzee salamu zetu. Anachowafundisha kina umri wa zaidi ya miaka 100. Paul Preuss, Mwaustria aliyezaliwa mwaka 1886, mwaka 1911 alichapisha makala dhidi ya vifaa vya kusaidia kupanda, akazua mabishano makali na wakweaji wakubwa wa siku zile, akiwemo Tita Piaz. Katika kanuni sita alizoziweka, moja inasema kwamba ugumu unaoweza kuushuka kwa usalama na moyo mtulivu ndio uwe mpaka wa ugumu unaoupanda. Nyingine inasema kamba inaweza kukurahisishia, lakini isiwe ndiyo njia pekee inayokuwezesha kufika.

Preuss mwenyewe aliishi kwa kanuni hizo bila kamba, akafa akikwea peke yake mwaka 1913, akiwa na miaka 27. Sisi hatumfuati huko. Tunachukua kanuni na tunabaki na kamba, kwa sababu kipimo chake kinafanya kazi hata ukiwa umefungwa: anayejua kushuka haogopi kupanda hatua moja zaidi kuangalia, maana anaweza kurudi. Asiyejua kushuka, kila hatua kwake ni mlango unaojifunga nyuma yake, na ndipo miguu inapoanza kutetemeka.

Jinsi ya kujifunza. Chagueni njia iliyo madaraja mawili chini ya uwezo wenu, mfunge kamba ya juu (iliyokwisha kupitishwa kwenye nanga juu yenu), mshika kamba aiache ilegee kidogo tu isije ikawabeba. Mkiwa mnapanda, kila mnapoacha kikanyagio kitazameni tena kutoka juu na mkumbuke alama yake: ufa mdogo, doa, ukingo mweupe. Kikanyagio kilichokuwa dhahiri ulipokuwa chini yake hupotea kabisa ukikitazama kutoka juu. Wakati wa kushuka, shusheni mikono kwanza hadi kwenye vishikio vya usawa wa kifua au kiuno. Wengi huning'inia kwenye vishikio vya juu hadi mikono imenyooka yote, kisha mguu haufiki. Geuza nyonga pembeni, usukume mwili mbali na ukuta kwa kiganja, utazame kupitia pembeni mwa paja. Kisha mguu uteremke polepole na ukanyage kwa ncha ya kiatu kabla hujauhamishia uzito.

Mkishaweza hayo, kuna zoezi la kuongoza. Kabla ya hatua ngumu panda nusu yake, gusa kishikio, urudi kupumzika. Rudia. Safari ya tatu nenda. Mkweaji anayefanya hivi huanguka mara chache, na akianguka anakuwa tayari anajua anaangukia wapi.

SWALI: Nimekwea njia za bolti miaka miwili, sasa nataka kuongoza nyufa kwa kabari na kemu (kifaa chenye vipande vinavyojifungua na kujikaza ndani ya ufa). Juzi nilimfuata kiongozi mzoefu, nikakuta kabari zake tatu za chini zimeshachomoka zenyewe. Alikuwa salama au alikuwa na bahati? – Mfuasi Mwenye Wasiwasi

JIBU: Bahati. Kabari ikaayo vizuri ikivutwa chini hutoka kirahisi ikivutwa juu au nje. Kamba inapokazwa ghafla hutaka kunyooka, na ikiwa imepinda kutoka kwa mshika kamba aliyesimama mita 4 mbali na ukuta, huinyanyua kabari ya kwanza, kisha ya pili, na kuendelea, kama zipu inayofunguka. Dawa ni tatu na zote rahisi. Mshika kamba asimame karibu na ukuta. Kifaa cha kwanza kiweze kustahimili mvuto wa kwenda juu: kemu nzuri, au kabari mbili zinazovutana. Na kila kabari iliyo nje ya mstari wa kamba irefushwe kwa tepe ya sentimita 60, ili kamba inyooke bila kuitikisa.

Kwa nini waasisi walihamia kwenye kabari, ilhali pitoni hushika vizuri? Kwa sababu ya mwamba. Kupigilia na kung'oa pitoni ileile mara mamia kulizichimba nyufa za Yosemite, bonde la California lenye El Capitan, hadi zikawa safu za mashimo. Waingereza walikuwa wameshaonyesha njia nyingine katika miaka ya 1950 na 1960: waliokota nati za chuma kando ya reli iliyo karibu na ukuta wa Clogwyn Du'r Arddu, Wales, wakazitoboa hadi hesi za ndani zikatoka zisikate kamba, wakazipitisha kamba nyembamba na kuzikaza kwenye nyufa. Mwaka 1967 Royal Robbins na mkewe Liz walifungua njia ya Nutcracker huko Yosemite kwa kabari tupu, bila kupigilia pitoni hata moja. Kemu za Ray Jardine zilipoingia sokoni mwaka 1978, hata nyufa zenye kuta sambamba, ambazo kabari haikai, zikawa na ulinzi. Anayefuata nyuma hukusanya kila kitu, na ufa unabaki kama ulivyokuwa.

Kuweka kabari: tafuta mahali ufa unapobana kuelekea chini. Chagua kabari kubwa kuliko zote inayoingia hapo, maana kubwa ina eneo kubwa la kugusa na chuma nene. Chungulia: pande zote mbili ziguse mwamba kwa sehemu kubwa, si kwa pembe moja. Ivute kwa nguvu mara moja kuelekea chini ijikaze. Usiivute nje ukidhani unaijaribu, unaing'oa. Kabla ya yote piga mwamba kwa kiganja. Ukisikia mlio wa kitu kitupu ndani, sogea pengine.

Kemu inahitaji uelewa zaidi. Vipande vyake vimechongwa kwa mkunjo unaoweka pembe ileile ya mguso, nyuzi 13.75 kwenye kemu za Jardine, haidhuru vimefunguka kiasi gani. Hesabu ya pembe hiyo ni kwamba kila ukuta wa ufa husukumwa kwa karibu mara mbili ya mzigo. Kuanguka kukileta kilonyutoni 5 (kipimo cha nguvu, karibu uzito wa kilo 500) kwenye kemu, kila upande unasukumwa kwa takribani kilonyutoni 10. Ndiyo maana kemu nyuma ya bamba la jiwe lililoachana na ukuta ni hatari: haikuzuii tu kuanguka, inalibandua bamba likufuate. Na kwa kuwa inashika kwa msuguano, ufa wenye tope, maji, au chokaa iliyosuguliwa hadi inang'aa huiachia.

Vipande viwe vimejibana kati ya nusu na robo tatu. Vikibanwa hadi mwisho kemu haitoki tena, na bei yake utaijua. Vikiwa wazi mno vinageuka. Shina lielekee upande utakaoangukia, kwa kawaida chini na nje kidogo. Kemu pia "hutembea": kamba ikitikisa shina, vipande hujongea ndani, na ikiwa ufa unapanuka huko ndani, utakuta kemu imefunguka inaning'inia bure. Tepe ndefu tena.

Nafasi kati ya kifaa na kifaa. Mita 8 za kwanza weka kila mita moja na nusu hadi mbili, hata kama ni rahisi. Kinachoamua ukali wa kuanguka ni urefu wa kuanguka ukigawanywa kwa urefu wa kamba iliyotoka. Kuanguka mita 4 kwenye kamba ya mita 20 ni 0.2, mita 4 hizohizo kwenye kamba ya mita 4 ni 1, na mshtuko ni mkubwa zaidi. Baya kuliko yote ni kuanguka juu ya kituo cha katikati ya ukuta (pale mshika kamba alipojifunga) kabla hujaweka kifaa hata kimoja: uwiano unafika 2 na mzigo wote unamwangukia mshika kamba na nanga. Kwa hiyo weka kifaa cha kwanza mara tu unapoondoka kituoni, hata kama kishikio ni kikubwa kama dirisha.

Nanga: vifaa vitatu vizuri, vilivyounganishwa kwa tepe, na pembe kati ya mikono ya tepe isizidi nyuzi 60. Kwa nyuzi 60 kila mkono kati ya miwili hubeba asilimia 58 ya mzigo. Kwa 90 asilimia 71. Kwa 120 kila mmoja hubeba mzigo mzima, yaani umefunga viwili usipate faida ya hata kimoja.

Kuhusu mazoezi, anza ardhini. Weka vifaa 30 kwenye nyufa za chini ya ukuta na mwombe huyo kiongozi wako avikague (naye utakuwa umemsaidia). Vitundike tepe, usimame, urukeruke ukiwa na kofia na uso umeugeuzia pembeni. Vitakavyochomoka vitakufundisha kuliko sisi. Kisha ongoza ukiwa na kamba ya juu ya akiba, na njia yako ya kwanza halisi iwe madaraja matatu chini ya unayoyaweza kwenye bolti, kwa sababu kusimama kuchagua kabari kwa mkono mmoja kunachosha kuliko unavyodhani.

SWALI: Mimi ni mzazi. Binti yangu ana miaka 14, anakwea siku tano kwa wiki, na sasa wamemweka kwenye kampasi bodi. Wiki mbili analalamika maumivu nyuma ya kiungo cha kati cha kidole. Mwalimu anasema afunge plasta aendelee. – Mama Mkweaji

JIBU: Mama, asiendelee. Kwa mtu mzima maumivu ya kidole mara nyingi huwa upande wa kiganja, kwenye mikanda midogo inayoishikilia kano karibu na mfupa. Kwa mtoto anayekua, sehemu dhaifu ni tabaka la ukuaji kwenye mfupa wa kati wa kidole, na maumivu yake hukaa hapo unapopataja, nyuma ya kiungo cha kati. Huweza kuwa ni kuvunjika kunakotokana na mzigo unaorudiwarudiwa, bila kuanguka wala mlio wowote. Mpeleke kwa daktari, umwambie wazi kwamba anakwea, na uombe picha ya eksirei. Likigunduliwa mapema mara nyingi hupona kwa kupumzisha kidole. Likipuuzwa kidole kinaweza kukua kimepinda.

Kampasi bodi, ule ubao ulioinama wenye papi nyembamba unaopandwa kwa vidole huku miguu ikining'inia, ulitengenezwa na mkweaji Mjerumani Wolfgang Güllich mwaka 1988 huko Nuremberg. Alikuwa mtu mzima mwenye miaka mingi ya kukwea, akijiandaa kwa miruko ya vidole kwenye vitundu vidogo. Mwaka 1991 alimaliza Action Directe, njia iliyokuja kuhesabiwa daraja la 9a kwenye kipimo cha Kifaransa cha ugumu. Chombo cha kazi hiyo hakimfai binti ambaye mifupa yake haijafunga.

Akiruhusiwa kurudi, kampasi bodi isubiri hadi amalize kukua. Asikaze vidole kwa kuvikunja kabisa na kuvifunika kwa gumba; ashike kwa vidole vilivyofunguka kila inapowezekana. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na muda uliobaki ajifunze miguu. Wakweaji wengi wa umri wake wana vidole vya chuma na miguu ya kubahatisha.

SWALI: Nina urefu wa mita 1.56 na kila nikishindwa hatua wenzangu warefu wanasema, "hii si yako." Nifanyeje? – Mfupi

JIBU: Lynn Hill, tuliyemtaja juu, alikuwa na urefu wa karibu sawa na wako. Kwenye kona ya The Nose isiyo na vishikio vya kueleweka, alipita kwa kujisukuma kati ya kuta mbili kwa viganja, mabega, nyonga na miguu, akijizungusha mwili. Waliokuwa warefu kuliko yeye walikuwa wamefika hapo kabla yake, wakashindwa kupita kwa njia huru.

Usiige mikono ya mrefu. Tafuta kikanyagio cha ziada kati ya viwili anavyotumia, hata kiwe chembe ya jiwe yenye upana wa sarafu. Inua mguu hadi usawa wa nyonga, ukae juu yake, ndipo unyooshe mkono. Vidole vyako vyembamba vinaingia kwenye ufa ambao wao wanaweza kuuparuza tu kwa nje. Jifunze kuvikaza humo gumba likiwa chini, kisha geuza kiwiko kielekee chini vijifunge. Zipo hatua ambazo urefu huamua kweli, ila si nyingi kama wenzako wanavyozitaja.

SWALI: Mvua ilinyesha usiku, asubuhi jiwe la mchanga limekauka juu. Tukwee? Na je, kishikio kilichovunjika tunaweza kukichonga upya, au kuongeza bolti pale njia inapotisha? – Kundi la Jumamosi

JIBU: La kwanza, msikwee. Chembe za jiwe la mchanga mara nyingi zimegandishwa kwa udongo na chumvi zinazolegea zikiloa, na uso hukauka kabla ya ndani. Fukueni udongo chini ya ukuta: kama sentimita chache chini bado una unyevu, rudini nyumbani. Kwa kawaida ni kusubiri saa 24 hadi 72, kutegemea jua na upepo. Granaiti na chokaa hazina shida hiyo. Kule Elbe, ambako Rudolf Fehrmann aliandika kanuni mwanzoni mwa karne iliyopita, mwamba ulioloa haukwewi, chaki haipakwi, na kabari za chuma haziruhusiwi. Wanakaza mafundo ya tepe ndani ya ufa, wakitegemea pete chache za chuma zilizoachana mbali.

La pili, hapana, wala gundi ya kurudisha ukubwa wake wa zamani msiitie bila kuwauliza wanaosimamia eneo. Kwenye The Nose penyewe kuna kipande kilichochongwa vishikio, kinachojulikana kama Jardine Traverse. Kimebeba jina la mtu aliyewapa wakweaji kemu, na kila anayepita pale anaona patasi ilipopita. Kishikio kikivunjika njia hubadilika daraja, basi. Anayeshindwa leo huenda akawa anamwachia kijana wa kesho.

La tatu lina utata wa haki. John Bachar wa California alishikilia kwamba bolti ifungwe na kiongozi akipanda kutoka chini, akisimama kwenye jiwe, ili woga uwe sehemu ya njia. Wafaransa wa miaka ya 1980 walining'inia kutoka juu, wakafunga bolti mahali panapofaa, na ugumu ukapanda kwa kasi. Sisi tunaona mitindo yote miwili ina nafasi yake, mradi njia iliyofunguliwa kwa mtindo mmoja isibadilishwe kimyakimya kuwa ya mwingine. Anayetaka bolti ya ziada amtafute aliyeifungua, au chama kinachosimamia mwamba. Asipopata idhini, aikwee kwa kamba ya juu.

Kubadilisha bolti iliyooza kwa nyingine palepale ni jambo jingine, na hapo mnaruhusiwa kuwa na haraka. Shikeni nati kwa vidole: ikizunguka, ikazwe kwa spana kwa kipimo cha mtengenezaji. Bamba likicheza hata baada ya kukazwa, au kuna mstari wa kutu unaoteremka mwambani, msiiamini. Andikeni namba ya bolti kutoka chini na mtoe taarifa. Karibu na bahari ya joto msidanganywe na mng'ao: chuma cha pua hupasuka ndani kwa chumvi bila kuonyesha chochote kwa nje, na huko hufungwa za titani.